Hukumu Mnayoiita Mapambo

Katika ofisi zinazotunza mifumo ya taarifa za afya, iwe Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, kuna imani iliyokita mizizi hata haibishaniwi tena: kwamba kugeuza mistari ya sifa kuwa safu ni kazi ya mapambo. Data ipo, wanasema, wauguzi wameshaikusanya na mashine imeshaihifadhi. Kilichobaki ni kuipa sura ambayo mkubwa anaweza kuisoma. Basi kazi hiyo hupewa kijana aliyeajiriwa juzi, au huachiwa Excel, au hufanywa kwa kunakili ulizo la hifadhidata (query) la mwaka juzi na kubadilisha namba mbili tatu. Mkuu wa kitengo hana haja ya kulitazama. Daktari ndiyo kabisa.

Naipinga imani hiyo, na siipingi nusunusu. Kila safu inayotokana na mistari ni hukumu juu ya mgonjwa: kati ya yote yaliyoandikwa kumhusu, hili ndilo tulilolichagua limwakilishe. Anayedhani sura inaweza kubadilika na maana ikabaki palepale hajawahi kuifuata namba moja kutoka chumba cha vipimo hadi kwenye ripoti ya wizara. Tuifuate.

Mfano wangu ni OpenMRS, mfumo ambao mizizi yake iko kwetu. Mwaka 2004 Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief, Indiana, waliona mjini Eldoret jinsi mpango wa kutibu VVU, uliokuwa ukiendeshwa na Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, ulivyokuwa ukipata wagonjwa wengi kuliko uwezo wa mfumo wake wa kumbukumbu. Wakabuni mfumo mpya, na mwaka 2006 ukaanza kutumika hapohapo Eldoret. KenyaEMR na UgandaEMR, zinazotumika leo katika mamia ya vituo, zimejengwa juu yake.

Moyo wa mfumo huo ni jedwali liitwalo obs. Kila mstari wake ni jambo moja lililoonekana au kuulizwa: ni nani, katika hudhurio gani, ni sifa ipi, saa ngapi, na thamani yake ni nini. Sifa haina safu yake. Ina namba kutoka kwenye kamusi. Katika kamusi ya CIEL, inayotumiwa sana na mifumo hii, 5089 ni uzito kwa kilo, 5090 ni urefu kwa sentimita, 5085 ni presha ya juu na 5086 ni presha ya chini. Mgonjwa akiulizwa mambo arobaini, anaacha mistari kama arobaini. Lakini tabibu, mtafiti na wizara wanataka mstari mmoja kwa kila hudhurio, na sifa zikiwa zimesimama wima kama safu. Ndipo huandikwa ulizo la SQL kama hili:

SELECT encounter_id,
  MAX(CASE WHEN concept_id = 5085 THEN value_numeric END) AS presha_juu,
  MAX(CASE WHEN concept_id = 5086 THEN value_numeric END) AS presha_chini
FROM obs
WHERE voided = 0
GROUP BY encounter_id;

CASE inachambua: mstari ukiwa wa sifa tunayoitaka, toa thamani, usipokuwa, acha tupu. GROUP BY inakusanya mistari ya hudhurio moja. Na MAX? Hapo ndipo walimu wa SQL hupita mbio. Wanafunzi huambiwa kwamba MAX haifanyi kitu, imewekwa tu kwa sababu lugha inadai amri ya kujumuisha panapokuwa na GROUP BY. Thamani ni moja, nyingine zote ni tupu, kwa hiyo kubwa kuliko zote ndiyo hiyohiyo moja. Imani nzima ninayoipinga imelala ndani ya sentensi hiyo. Inadhani thamani ni moja. Ni nani aliyehakikisha?

Chukua presha. Muuguzi anapima, anapata 150 juu ya 80. Anamwacha mgonjwa apumzike, anarudia, anapata 130 juu ya 95. Hajakosea, miongozo mingi inataka kipimo kirudiwe. Jedwali la obs linapokea mistari minne bila kulalamika. Ulizo letu linapita, MAX inachukua kubwa ya juu na kubwa ya chini, kila moja kivyake, na ripoti inasoma 150 juu ya 95. Presha hiyo haikupimwa na mtu yeyote. Haikuwahi kuwepo mwilini mwa mgonjwa yule, wala hutaipata kwenye mstari wowote wa hifadhidata. Imetungwa na ulizo, kisha ikaingizwa kwenye ripoti ikiwa na hadhi sawa na vipimo vya kweli. Mtaita hayo mapambo?

Jambo hilohilo hutokea, tena kwa ubaya zaidi, kwenye dawa. OpenMRS huruhusu mistari kufungwa pamoja kwa kikundi, ili jina la dawa, dozi yake na siku za kuitumia visipoteane. Mwandishi wa ulizo asiyejua habari ya vikundi hukusanya kwa hudhurio zima. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa mbili anaweza kutoka na safu ya dawa iliyobeba jina la moja na safu ya dozi iliyobeba kipimo cha nyingine. Hicho ni cheti ambacho hakuna tabibu aliyekiandika.

Kuna jingine. Majibu mengi hospitalini hayahifadhiwi kama maneno, bali kama namba za kamusi. Katika CIEL, ndiyo ni 1065, hapana ni 1066, na haijulikani ni 1067. Majibu ya kipimo nayo: hasi ni 664, chanya ni 703. Sasa mgonjwa wa kifua kikuu aulizwe mapokezi kama anakohoa, aseme ndiyo. Aulizwe tena na tabibu, aseme hapana. MAX itaamua kwa hapana, kwa sababu 1066 ni kubwa kuliko 1065. Mmoja akiandika haijulikani, hiyo ndiyo itakayowashinda wote. Lakini kwenye kipimo, chanya itaishinda hasi, kwa sababu 703 ni kubwa kuliko 664. Ulizo moja, amri moja, na mwelekeo wa hukumu unategemea ni jibu lipi lilipewa namba kubwa kwenye kamusi. Na swali lenye majibu mengi halali, kama vile madhara ya dawa ambayo mgonjwa anaweza kuwa nayo matatu kwa mpigo, hubakiziwa jibu moja, lenye namba kubwa. Mengine hutoweka bila hata onyo.

Kuhusu makosa yaliyokwisha kurekebishwa, mambo ni hivi. OpenMRS haifuti. Thamani ikirekebishwa, mstari wa zamani huwekewa alama ya kubatilishwa na mstari mpya huandikwa. Masharti ya voided = 0 ndiyo yanayoiheshimu alama hiyo. Yasahau, nayo husahaulika sana katika maulizo ya kunakili, kisha tazama: muuguzi alipindua tarakimu akaandika kilo 84 badala ya 48, akagundua, akarekebisha. MAX inamrudishia mgonjwa kilo 84. Angekuwa amekosea kwa kuandika 48 badala ya 84, kosa lisingeonekana. Kwa hiyo makosa hayafutani yanapokuwa mengi, kama wanatakwimu wanavyopenda kujifariji. Yote yanavuta upande mmoja. Ulizo la namna hiyo huwanenepesha wagonjwa na kamwe haliwakondeshi, tena katika kliniki ambazo kukonda ndiyo dalili ya kwanza anayoitafuta tabibu.

Watetezi wa imani hii wana majibu, na yanastahili kusikilizwa moja baada ya jingine.

La kwanza ni hili: kosa liko kwenye MAX, basi achana na SQL, hamisha mistari yote hadi kwenye lahajedwali, huko kugeuza ni suala la kuburuta kwa kipanya. Sawa, tuburute. Jedwali egemeo la Excel, usipoliambia lolote, hujumlisha uwanja wa namba. Presha yetu ya juu inakuwa 280. Angalau hiyo inachekesha, mtu ataishtukia. Nenda kwa mchambuzi anayetumia Python: amri ya pivot_table ya maktaba ya pandas, isipoambiwa vingine, huchukua wastani, na presha inakuwa 140. Amri ya pivot katika maktaba hiyohiyo hukataa kabisa na kutoa hitilafu ikikuta mistari miwili inayogombea seli moja. Anayetumia R na pivot_wider hupata thamani zote mbili zimerundikwa ndani ya seli moja, pamoja na onyo. Basi hesabuni: mistari ileile, hudhurio lilelile, na tuna 150, 280, 140, kukataliwa, na rundo. Kama kugeuza kungekuwa sura tu, majibu yote haya yangefanana. Hayafanani kwa sababu kila zana imelazimika kuamua jambo ambalo mwenye data hakuliamua, na watengenezaji wake, walio mbali na kliniki yako, waliamua kwa namna tofauti. Kukimbilia Excel hakuondoi hukumu. Kunaificha ndani ya chaguo ambalo hakuna aliyelichagua, kwenye faili ambalo kesho litapewa jina jingine na kutumwa kwa barua pepe.

Na lugha ya SQL yenyewe imeshasema neno juu ya hili. Mwaka 2004, katika mkutano wa VLDB uliofanyika Toronto, Conor Cunningham, César Galindo-Legaria na Goetz Graefe waliwasilisha kazi iliyoichukulia PIVOT kama tendo kamili la hifadhidata, lenye kanuni zake, ambalo mashine inaweza kulipangia njia bora ya utekelezaji kama inavyofanya kwa kuunganisha majedwali. Mwaka uliofuata amri ya PIVOT ikaingia kwenye SQL Server 2005, na Oracle ikafuata na toleo la 11g mwaka 2007. Tazameni jinsi amri hiyo ilivyoundwa: huwezi kuiandika bila kutaja amri ya kujumuisha. Jaribu, mashine itakurudisha. Walioitengeneza walijua kwamba mtu anayegeuza mistari lazima aseme atafanya nini thamani zikigongana. Sisi tumelichukua sharti hilo la busara tukaligeuza desturi ya kuandika MAX bila kufikiri, kufunika kombe mwanaharamu apite.

Jibu la pili linatoka kwa watu wenye elimu zaidi, na ndilo zito. Wanasema: msingegombana na MAX kama msingejenga jedwali baya. Sifa zingekuwa safu tangu mwanzo, uzito kwenye safu ya uzito, presha kwenye safu ya presha, na hakuna ambaye angehitaji kugeuza chochote. Wana vitabu vya kuwaunga mkono. Bill Karwin, katika kitabu chake cha mwaka 2010 kiitwacho SQL Antipatterns, aliuweka muundo huu wa kitu, sifa na thamani miongoni mwa makosa ya kuepukwa, na sababu alizozitoa ni za kweli: hifadhidata haiwezi tena kulazimisha kila mgonjwa awe na uzito, haiwezi kuzuia aina ya thamani kwa urahisi, na kila ulizo linakuwa refu.

Nakubali sehemu yake. Sifa ambayo kila mtu anayo, na ambayo haibadiliki kila wizara inapochapisha mwongozo mpya, iwekwe kwenye safu. OpenMRS yenyewe inafanya hivyo: jinsia na tarehe ya kuzaliwa ni safu za kawaida katika jedwali la watu. Anayejenga duka la mtandaoni lenye bidhaa za aina tatu na kuziweka zote kwenye mistari ya sifa anajitafutia balaa, na Karwin ana haki ya kumkemea.

Lakini kliniki si duka la bidhaa za aina tatu. Kamusi ya kitabibu ina makumi ya maelfu ya dhana, na mgonjwa mmoja hugusa chache tu kati ya hizo. Jedwali la InnoDB, injini ambayo MySQL ya OpenMRS hutumia, halikubali safu zaidi ya 1017. Na hata kama lingekubali, maswali hayatulii. Dawa ya VVU ya stavudine iliondoka, dolutegravir ikaingia. Mwaka 2020 UVIKO-19 ulileta maswali ambayo mwezi uliotangulia hayakuwepo duniani. Kila swali jipya likidai kubadilishwa kwa jedwali, na kila kituo kina seva yake, baadhi yake mahali ambapo intaneti ni ya kubahatisha, utakuwa na matoleo ya jedwali mengi kama vituo vyenyewe. Muundo wa mistari unaendana na hali hiyo, na ulichaguliwa kwa akili.

Na hapa ndipo jibu la pili linapojimaliza lenyewe. Tuseme tumewasikiliza, tumeweka safu ya presha tangu mwanzo, moja kwa kila hudhurio. Muuguzi akipima mara mbili ataandika ipi? Ataandika moja na kuitupa nyingine, pale pale mezani, na hakuna atakayejua aliitupa ipi. Hukumu imefanyika vilevile. Tofauti ni kwamba imefanyika mahali ambapo haiwezi kukaguliwa wala kurekebishwa milele. Mistari inahifadhi ushahidi wote. Safu inahifadhi uamuzi. Afadhali kuuweka ushahidi kwanza na kuamua baadaye, kwa maandishi, kuliko kulazimisha uamuzi mlangoni kisha kuuita ushahidi.

Jibu la tatu ni la vijana wa zana mpya: iache mashine ijitengenezee safu. Soma kamusi, tunga ulizo kwa ulizo, kila sifa iliyomo kwenye data iwe safu, na kesho ikiongezeka sifa nyingine safu itajiongeza yenyewe. Katika MySQL hufanywa kwa GROUP_CONCAT na PREPARE, na mtu hugundua kwa uchungu kwamba orodha ya GROUP_CONCAT hukatwa ikifika baiti 1024, isipokuwa umeongeza kikomo hicho mwenyewe. Wanalalamika kwamba SQL ni lugha ya kizamani kwa kudai ijue safu zake kabla haijasoma mstari hata mmoja.

Mimi naona dai hilo ndilo kinga yetu. Safu iliyojitokeza yenyewe haina mtu nyuma yake. Hakuna aliyesema ndani yake kuna thamani ya mwisho au ya kwanza, ya hudhurio hili au ya mwaka huu, kwa kilo au kwa gramu. Ripoti ambayo safu zake hubadilika kila mwezi haiwezi kulinganishwa na ya mwezi uliopita, na chombo kingine kinachoipokea hakiwezi kuitegemea.

Mwangalie pia anayetumia PostgreSQL na amri ya crosstab. Amri hiyo ina namna mbili. Namna fupi, inayopokea ulizo moja tu, haisomi jina la sifa inapopanga thamani. Inazijaza kuanzia kushoto kwa mfuatano zinavyokuja. Mgonjwa aliyekosa kipimo cha urefu, thamani inayofuata husogea na kuketi kwenye safu ya urefu. Mapigo ya moyo 88 yanakuwa sentimita 88, na mtu mzima anaingia kwenye hesabu ya lishe akiwa na kimo cha mtoto mdogo. Dawa yake ni namna ndefu, ambapo mwandishi hutaja orodha ya sifa kwa ulizo la pili. Yaani dawa ni mtu kuandika anachokitaka, jambo lilelile ambalo vijana wetu wanalikimbia.

Suala la kimya nimeliacha kwa makusudi hadi hapa, maana ndilo lenye hatari kuliko yote. Kwenye jedwali la mistari, jambo lisilojulikana halina mstari, halipo tu. Likigeuzwa kuwa safu, seli yake huwa tupu, na utupu huo hubeba maana nyingi zilizochanganyika: hakupimwa, alipimwa lakini karatasi haijarudi kutoka maabara, fomu ya kituo hicho haina swali hilo, au alikataa kujibu. Kisha seli tupu huingia kwenye wastani kana kwamba mgonjwa hakuwepo, au huchorwa kwenye grafu kana kwamba ni sifuri. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe husikika kwenye asilimia.

Mfano ni wingi wa virusi. WHO huhesabu virusi kuwa vimefubazwa vinapokuwa chini ya nakala 1,000 kwa mililita, na lengo la tatu la UNAIDS katika 95-95-95 ni kwamba asilimia 95 ya walio kwenye matibabu wafikie hapo. Sasa, matokeo ya maabara huja kwa namna mbili: namba, au taarifa kwamba virusi havikuonekana. Pale ambapo namba huhifadhiwa chini ya dhana moja na taarifa ya kutoonekana huhifadhiwa kama jibu la kamusi chini ya dhana nyingine, mwandishi wa ulizo anayegeuza dhana ya namba peke yake anapata seli tupu kwa kila mgonjwa aliyefanikiwa kupita wote. Wale ambao dawa imewafaa hadi mashine haivioni virusi vyao wanaonekana kama watu ambao hawajapimwa. Kituo kinachofanya kazi nzuri kinaonekana kizembe, wagonjwa wanaitwa kutolewa damu tena bila sababu, na meneja anajibu maswali yasiyo na mashiko. Hakuna hata tarakimu moja iliyoandikwa vibaya kwenye hifadhidata. Kila kitu ni sahihi isipokuwa ugeuzaji.

Watakaonisoma kwa haraka watasema nataka kila mtu aandike maulizo marefu mchana kutwa, na seva za vituo vidogo zife kwa uchovu. La. Kugeuza mamilioni ya mistari kila daktari anapofungua ukurasa ni upotevu, na suluhisho lake linajulikana: kazi hufanywa mara moja, kwa mfano usiku, na matokeo huwekwa kwenye majedwali bapa ambayo ripoti husoma. KenyaEMR ina majedwali ya namna hiyo, likiwamo la vipimo vya mapokezi liitwalo etl_patient_triage. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo na kuenezwa Kenya nzima mwaka 2011, hufanya vivyo hivyo: thamani za takwimu za jumla huhifadhiwa kwa mistari, kisha hujengwa majedwali ya uchambuzi, na kwa programu za matukio kila kipengele hupata safu yake. Nayatetea majedwali hayo. Ninachokataa ni kudhani kwamba kwa kuwa ulizo hukimbia usiku, halihitaji kusomwa mchana. Hukumu iliyofanywa mara moja na kutumiwa na ripoti mia inastahili macho zaidi kuliko ile ya ripoti moja.

Na DHIS2 inatupa somo ambalo wapinzani wangu wameishi nalo zaidi ya muongo bila kulitambua. Huko, kila kipengele cha data hutangazwa pamoja na namna yake ya kujumuishwa: jumla, wastani, ya mwisho, au nyingine. Idadi ya watoto waliochanjwa hujumlishwa kwa miezi. Idadi ya watu wa eneo haijumlishwi kwa miezi, la sivyo kata ingeongezeka mara kumi na mbili kila mwaka. Akiba ya dawa stoo ni ile ya mwisho wa kipindi. Waliobuni mfumo huo walijua kwamba hakuna amri moja inayofaa sifa zote, wakailazimisha hukumu iandikwe kwenye tangazo la kipengele, mahali pa kuonekana na kila mtu. Kwa nini tuikubali nidhamu hiyo kwenye takwimu za wilaya, tuikatae kwenye mwili wa mgonjwa mmoja?

Basi ninachodai ni hiki. Ulizo lolote linalogeuza mistari ya kitabibu kuwa safu liseme, kwa kila safu, mambo manne: thamani zikiwa nyingi tunachukua ipi, ni ya kipindi gani, iko katika kipimo gani, na utupu wake una maana gani. Uzito uchukuliwe wa mwisho kwa muda wa kupimwa, na tangu MySQL 8.0 ya mwaka 2018 hilo huandikwa kwa ROW_NUMBER bila ujanja wowote. Presha ichaguliwe kwa jozi, juu na chini zikitoka kwenye kipimo kimoja, au wastani uchukuliwe kama mwongozo unavyosema. Kipimo cha kwanza chanya cha VVU kitafutwe kwa tarehe, si kwa ukubwa wa namba. Mzio wa dawa uorodheshwe wote. Dawa na dozi zigeuzwe ndani ya kikundi chao kabla ya kupandishwa kwenye hudhurio. Na kabla ya kugeuza chochote, yahesabiwe mahudhurio yenye sifa moja zaidi ya mara moja. HAVING COUNT(*) > 1 ni mstari mmoja wa SQL, na jibu lake ndilo litakalokuambia kama MAX yako ni pambo au ni upanga.

Juu ya hayo yote, ulizo lisomwe na mtu anayewajua wagonjwa. Afisa tabibu hahitaji kujua SQL ili ajibu kama presha ya hudhurio ni ya kwanza, ya mwisho au wastani; hilo analijua kuliko mwanaprogramu yeyote. Kinachomzuia kujibu ni kwamba hajawahi kuulizwa, kwa kuwa tulishaamua kati yetu kwamba swali lenyewe halipo. Tunamwita kwenye semina ya kujaza fomu, tunamlaumu takwimu zikiwa mbaya, na pale ambapo maandishi yake yanageuzwa kuwa takwimu tunamfungia mlango.

Kwa hiyo mkuu wa kitengo anayesaini ripoti ya robo mwaka na aombe, pamoja na ripoti, ulizo lililoizaa. Akikuta safu thelathini na MAX thelathini, asisaini. Amrudishie mwandishi na kumtaka aeleze kwa Kiswahili cha kawaida, safu baada ya safu, kwa nini thamani kubwa kuliko zote ndiyo ya kweli. Atakayeweza kueleza amefanya kazi ya kitaalamu na alipwe kama mtaalamu. Asiyeweza ametuandikia presha za watu wasiokuwepo, na saini ya mkuu ndiyo ingekuwa shahidi wake.